Chumba Ambacho Fundi Hakuonyeshwa

Mafundi wa Mombasa mnawajua. Fundi akikwambia anakuja sasa hivi, hiyo sasa hivi yake ni Jumanne ijayo, inshallah, na Jumanne ikifika utaambiwa mkewe amejifungua. Atakuja siku usiyomtarajia, abomoe ukuta mzima kutafuta tone moja la maji, kisha aondoke akuachie msumeno wake ati uwe amana, ujue atarudi. Nawe unautazama msumeno ule, moyo umetua. Kumbe mwenzako ana msumeno wa pili, na huo wa pili uko Tudor unakata mbao za watu wengine. Bi Sheikha aliwajua mafundi hao kwa mlio wa viatu vyao ngazini. Katika nyumba ya Kibokoni aliyoolewa akaingia akiwa kigori, kulikuwa na mwaka wa fundi bomba, mwaka wa fundi mbao, mwaka wa fundi chokaa, na miaka mingine yote ya kuwangoja.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, ya orofa moja, na kuta zake nene kama za ngome. Dari yake ilikuwa ya boriti zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya boriti mawe na chokaa, na juu kabisa paa la mabati. Bwana Ubaid, mumewe, karani mstaafu wa bandarini, alikuwa mtu mpole na mzito wa kuamua. Tone likidondoka aliweka sufuria. Yakiwa mawili, sufuria mbili. "Tutalitazama baada ya mfungo," alikuwa akisema, na mfungo huja ukaenda na sufuria zipo pale pale. Sheikha akigomba. Enzi za ujana wake alitaka wahamie Ganjoni, kwenye fleti yenye mfereji jikoni na choo cha kuvuta mnyororo, na waligombana kwa jambo hilo mpaka majirani wakazoea. Watoto hawakujaaliwa, mimba mbili ziliharibika, ya tatu haikuja. Basi Sheikha akakaa akashona kofia za viua, tundu kwa tundu, chini ya dari aliyoitukana kila masika.

Ubaid alifariki mwanzoni mwa Oktoba, mwaka wa tisini na saba, mchana, baada ya kula, bila kumsumbua mtu. Jeneza lilipotoka mlangoni mvua ilikuwa inaanza kunyunya, na watu wakasema hiyo ni baraka. Hakuna aliyejua kwamba mvua ile ndiyo El Nino yenyewe, kwamba itanyesha hata kuta ziote kijani na nguo zikatae kukauka, na barabara ya kwenda bara ikatike. Mtu angejua asingesema baraka.

Nyumba ilikuwa ya wakfu. Bibi yake Ubaid aliiweka iwe makao ya watu wa ukoo na wajane wao, na sharti lake lilikuwa wazi: mjane akae humo maadamu hajaolewa na hajahama. Akihama, au nyumba ikiwa haikaliki, msimamizi ana ruhusa ya kuuza kiwanja na kununua mahali pengine. Msimamizi alikuwa Kamaludin, nduguye Ubaid mdogo. Ningependa kuwaambia kwamba Kamaludin alikuwa mtu mbaya, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Hakuwa. Alikaa Ganjoni na mkewe Fairuz, na kila Ijumaa baada ya swala alimletea shemegi yake samaki, akasimama nyuma ya pazia, akauliza hali. Na kila Ijumaa alirudia maneno yale yale.

"Shemegi, njoo ukae kwetu. Mvua hii si ya mchezo. Nyumba ikishatengenezwa utarudi."

Kurudi! Mwanaesha wa nyumba ya tatu aliambiwa hivyo hivyo na mwanawe. Alitoka na kifurushi kimoja, akaacha hata kuku wake, ati ni wiki mbili. Sasa nyumba yake ina duka la vinyago chini na godauni juu, na Mwanaesha akipita njia ile hufunika uso kwa buibui asiione. Sheikha aliyajua hayo. Alijua pia kwamba Kamaludin anasema kweli anaposema utarudi, na kwamba mnunuzi akitokea, kiwanja kikiwa kitupu, kweli ile itakuwa nyingine. Naye hakuwa na mbele wala nyuma. Wazazi wake walikwisha fariki zamani. Kakake wa Tudor alikaa na watu wanane katika vyumba viwili. Kwa Fairuz angepewa chumba na chakula, na angeamka kila asubuhi akiwa mgeni, aombe ruhusa ya kuwasha jiko, mpaka siku ya kuoshwa na kuvikwa sanda. Nyumba aliyotaka kuikimbia ujana wake wote sasa ndiyo ilikuwa kitu pekee duniani kilichomjua yeye ni nani, na aliing'ang'ania kwa kucha na meno.

Na alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi mjane wa mjini hatoki, hachungulii dirishani, hapaki wanja, hafukizi udi, wala haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Mamake Sheikha alimfunza zaidi ya hapo. Hata sauti yako, alimwambia, asiisikie mwanamume wa kando. Wako masheikh waliosema hilo si lazima, mtu akiwa na haja azungumze, lakini Sheikha hakulelewa na masheikh, alilelewa na mamake.

Sasa niambieni nyinyi, mjane aliye kwenye eda ataajiri fundi vipi?

Mafundi wenyewe walikuwa adimu. Tangu zile fujo za Likoni za mwezi wa nane wengi wa bara walikuwa wamefunga virago, na waliobaki kila paa la kisiwani lilikuwa likiwaita. Ila kulikuwa na mmoja aliyekuwa akimjia Ubaid, Mgiriama wa upande wa Kaloleni aliyepanga chumba Bondeni, jina lake Thoya. Mtu mrefu, hana maneno, akifanya kazi huimba puani. Huyu alikuwa fundi wa ajabu kwa sababu moja tu: akisema atakuja, anakuja. Ubaid alimpenda kwa hilo, ingawa alimwita mara moja tu kwa kila matone kumi.

Sheikha alimtuma bi Mejumaa amwite. Bi Mejumaa ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mzima, mjane wa zamani, mwenye moyo wa dhahabu na mdomo usio mlango. Kila siku alikuja kumkalisha Sheikha, akampikia uji, akamsomea mtaa mzima kama gazeti. Ndiye aliyekuwa daraja. Thoya husimama ukumbini na kofia yake mkononi, Sheikha yuko ndani nyuma ya pazia, na bi Mejumaa katikati, kitini, miguu imevimba, akipeleka maneno huku na huku ambayo wote wawili walikwisha yasikia.

"Fundi, asema bati la kwenye pembe ya nyuma ndilo livujalo."

"Mwambie bibi nimeliona. Pale linapokutana na ukuta wa jirani, mfereji umeoza. Maji yanaingia chini ya bati na kukaa juu ya dari."

"Asema mfereji umeoza," bi Mejumaa huligeukia pazia, "na maji yamekaa juu ya dari. Ya Rabi, juu ya vitwa vyetu."

Thoya alianza kazi siku iliyofuata, na mvua ilipompa nafasi alikuwa juu ya paa na lami yake, ilipomkatalia alikuwa ndani. Utaratibu ulikuwa huu: akitaka kuingia chumba, anabisha hodi chini ya ngazi, bi Mejumaa anamtoa Sheikha anampeleka chumba kingine, pazia linashushwa, kisha fundi anaitwa. Alitengeneza ukumbi, akaweka nguzo chini ya boriti mbili zilizochoka. Akatengeneza chumba cha mbele. Akaziba jikoni. Kazi safi, unaikagua kwa mato ukaridhika, kama alivyosema bi Mejumaa kwa kila aliyetaka kusikia na kwa wengine pia. Na kila alipomaliza chumba, Sheikha alikwenda akasimama chini ya dari ile, akashika ukuta kwa kiganja, akahema.

Kikabaki chumba kimoja, cha nyuma, chumba alichofia Ubaid. Humo ndimo Sheikha alimokaa eda yake.

Na humo, enyi watu, ndimo mlimokuwa na balaa.

Doa lilianza ukubwa wa sahani. Likawa sinia. Kisha boriti ya katikati, ile iliyopita juu kabisa ya kitanda, ikafanya mstari mwembamba tumboni, na mstari ukafumbuka siku baada ya siku. Vumbi la chokaa lilimwangukia Sheikha akiwa kwenye mswala. Aliweka mabakuli, yakajaa, akayamwaga chooni mwenyewe bi Mejumaa akiwa jikoni, akayarudisha chini ya kitanda. Mengine yalifurika asiyaone, maji yakazama katika sakafu. Kitanda kilikuwa cha samadari, cha miguu minne mirefu na fremu ya chandarua juu. Akatafuta shuka kubwa, akalitandaza juu ya fremu, akalifunga pembe zote nne, na tangu siku hiyo aliyeingia chumbani akitazama juu aliona shuka jeupe. Wanawake waliokuja kumtembelea wakasema anaogopa mbu. Fairuz alikunja pua, akasema chumba kina harufu ya ukungu. Na Sheikha hata udi hawezi kufukiza, yuko kwenye eda.

Kwa nini asimwambie fundi? Msimcheke. Amwambie kwa mdomo wa nani? Neno likiingia kwa bi Mejumaa adhuhuri, alasiri liko Bondeni na magharibi liko Ganjoni sebuleni kwa Kamaludin. "Dari ya chumba cha Sheikha imepasuka." Basi, imekwisha. Nyumba haikaliki, msimamizi amesikia kwa masikio yake, twende shemegi. Aseme mwenyewe, kwa sauti yake, na mwanamume wa kando? Akajiambia mvua itakatika. Akajiambia Thoya akishaziba mfereji maji hayatakuja tena, na boriti itakauka yenyewe, itajifumba. Mtu aliyebanwa hujiambia mengi, na yote huyaamini.

Thoya aliuliza. Nataka mlijue hilo, aliuliza, na si mara moja.

"Mama," alimwambia bi Mejumaa, "maji yameelekea chumba cha nyuma. Nimeona kule juu. Ningependa nikitazame."

Bi Mejumaa aliligeukia pazia. Kabla hajafungua mdomo, Sheikha alisema kwa sauti ya chini, "Mwambie ni pakavu."

"Asema ni pakavu."

"Kukavu kabisa?"

"Mwambie chumba hicho ndicho nikaliacho eda. Haingii mtu."

Na kwa hilo nani angebishana? Thoya alikaa na Waswahili miaka mingi, akijua mipaka. Alivaa kofia yake akateremka. Baada ya siku chache aliuliza tena, akajibiwa vivyo hivyo, na safari hii bi Mejumaa alimkanya kidogo, akamwambia fundi, kuna mambo hayaulizwi mara mbili. Sheikha ndani alikuwa ameketi kitandani, mikono ameibana mapajani, na juu yake shuka limeanza kulegea katikati kwa uzito wa chokaa iliyomwagika. Alitaka afungue mdomo. Aliusikia moyo wake ukimpiga mbavuni, mwambie, mwambie. Thoya akashuka ngazi, akiimba puani, naye hakusema.

Ijumaa moja ya Novemba mvua ilinyamaza asubuhi, na jua likatoka hafifu. Thoya alikuwa chini akitengeneza daraja za ngazi zilizolika. Bi Mejumaa alikwenda kwake kupika, kwa kuwa Ijumaa wanawe huja kula. Adhana ikalia. Wanaume wa mtaa wakapita na kanzu zao na mafuta yao mazuri, wauza duka wakafunga milango, na kichochoro kikawa kitupu. Kwa muda ule, mtaa mzima, mwanamume aliyebaki alikuwa Thoya peke yake, kwa kuwa yeye ni mtu wa kanisani. Alikuwa ameketi ngazini akila mhogo.

Sheikha alikuwa anatia maji ya udhu aliposikia. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa mlio wa mfupa wa kuku ukivunjwa mezani. Halafu vumbi, halafu jiwe moja, la ukubwa wa ngumi, likatua ndani ya shuka na kuning'inia humo. Alilivuta shuka pembeni akatazama. Boriti ya katikati ilikuwa imeinama, tumbo lake limefunguka, na nyuzi za mti zinaonekana ndani.

Angeweza kutoka. Mlango ulikuwa pale. Angeketi ukumbini aisikilize dari ikishuka, hakuna ambaye angeumia. Lakini dari ikishuka, nyumba ndiyo imeshuka, na Kamaludin akija na samaki wake atakuta tundu linaloonyesha mbingu. Sheikha aliona yote hayo kwa mara moja. Akatoka hadi juu ya ngazi, akashika nguzo ya ukumbini, akatoa sauti ambayo mamake alimkataza.

"Thoya. Njoo juu. Njoo chumba cha nyuma."

Thoya aliinua kichwa. Sauti ile hakuijua. Kazi yote ile alikuwa hajaisikia ila kwa manong'ono nyuma ya kitambaa. Alisimama, mhogo mkononi, akatafuta kwa macho aliko bi Mejumaa.

"Hayupo. Mimi ndiye Sheikha. Njoo, dari inaanguka."

Alipanda daraja mbili mbili. Aliingia chumbani, akalipasua shuka kwa mkono mmoja, akatazama juu. Alitazama pia chini, kwenye mabakuli. Alitoka akarudi na nguzo iliyobaki ya kazi ya ukumbini, ubao, nyundo, na kabari mbili za mti, akakisukuma kile kitanda kizito mpaka ukutani. Sheikha hakuamini kwamba mtu mmoja anaweza.

"Bibi, ishike nguzo hii, isimame wima. Mie nipige kabari chini."

Akaikumbatia. Mwanamke aliyejifunika siku zote zile hata kifundo cha mkono hakionekani, sasa amekumbatia mti, mwanamume amepiga magoti miguuni pake, chokaa inamwingia machoni. Thoya alipiga. Nguzo ikapanda kidogo, ikagusa boriti, boriti ikalia, na Sheikha akahisi kwa kifua chake uzito wa nyumba ukikaa juu ya mti ule. Akafikiri, imeshika. Ya Allah, imeshika. Kwa muda mfupi sana alikuwa mtu mwenye furaha.

Boriti ya pili ikaachia.

Thoya aliruka juu ya sanduku la nguo la Ubaid lililokuwa pale ukutani, akaipokea kwa bega, miguu ameitanua, mikono juu. Mawe yalimpiga mgongoni. "Kabari," alisema kwa meno yaliyofungwa. "Piga kabari wewe." Sheikha akaokota nyundo. Mtandio ulimtoka kichwani akauacha. Alipiga, akakosa, akapiga, na kila alipopiga kabari haikupanda, ilizama. Sakafu ilikuwa imelowa hadi ndani. Yale maji yaliyofurika mabakuli, yale aliyoyaficha chini ya kitanda wiki nzima nzima, yalikuwa yameifanya chokaa ya chini uji mtupu, na nguzo ilikuwa haina pa kukanyaga.

"Haishiki," alisema.

"Naona."

"Nifanye nini, Thoya?"

Jasho lilikuwa likimtiririka usoni likichanganyika na vumbi. Miguu yake ilianza kutetemeka, na sanduku lilitetemeka pamoja nayo. "Toka, bibi."

"Na wewe?"

"Mie nikiiacha inashuka yote. Siwahi mlango." Alipumua. "Ita watu."

Ita watu. Nje sauti ya imamu ilikuwa inamalizia, assalamu alaikum warahmatullah, upande huu na upande ule. Muda si muda kichochoro kitajaa, na kati yao Kamaludin. Kuita ni kufungua dirisha la roshani na kuwaambia watu wa Kibokoni wote, kwa mdomo wake mwenyewe, nyumba ya wakfu imevunjika. Hakuna tena wa kuficha wala wa kukanusha. Mjane mwenyewe kashuhudia.

Akasimama. Sitaki kumsitiri, alisimama. Alitazama dirisha, akatazama kabari, akafikiri labda nikitia ubao mwingine chini, labda nikipiga kwa pembeni. Thoya alimtazama kutoka kule juu na hakurudia neno lake. Alifumba macho tu, kama mtu anayesikiliza mwili wake kujua umebakisha nini. Na goti lake la kulia likakunjika, likanyooka, likakunjika tena.

Sheikha alilikimbilia dirisha akalifungua mbao zote mbili. Kichwa wazi, nywele nyeupe zimejaa chokaa, akainama nje ambako hakuchungulia tangu mumewe atolewe, akaita. Aliita kwamba nyumba yake inaanguka na kuna mtu chini yake, waje, waje kwa haki ya Mungu. Wanaume waliokuwa wakitoka msikitini waliinua nyuso. Mmoja wao alikuwa na samaki kwenye kikapu.

Kamaludin ndiye aliyefika wa kwanza. Aliingia, akaona alichoona, nywele za shemegi yake, mwanamume juu ya sanduku la kaka yake, na hakusimama kuuliza. Alipanda juu ya kitanda na kanzu yake ya Ijumaa, akatia mabega yake kando ya mabega ya Thoya. Wakaja wengine, wakashika, wakapokezana, mtu akaleta meza, mtu akaleta mlango wa chumba cha mbele. Walimtoa Thoya wakimvuta chini ya mikono, mtulinga wake umevunjika, mkono mmoja unaning'inia. Kisha, meza na ule mlango vikiwa vimeshika kwa muda, wakaachia wote kwa pamoja wakakimbilia nje ya chumba. Dari ilishuka juu ya kitanda cha samadari, ikaenda nacho hadi orofa ya chini. Kichochoro kizima kilijaa vumbi.

Nje, mtu alimtupia Sheikha shuka la kikoi juu ya kichwa. Bi Mejumaa alikuja mbio na miguu yake mibovu, akamshika mabega akawa analia kwa niaba yake. Watu walinong'ona mambo mawili, la eda na la nyumba, na la eda mzee mmoja alilikata pale pale, akasema palipo na roho ya mtu hapana pazia. La nyumba hakuna aliyelikata. Kamaludin alirudi kutoka mlangoni, kanzu imechanika begani. Hakumlaumu. Lau angemlaumu ingekuwa afadhali.

"Twende, shemegi," alisema. "Gari liko kule mbele."

Thoya alikuwa ameketishwa kwenye baraza ya jirani, mkono umefungwa kwa leso, akingoja wa kumpeleka hospitali. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Sheikha alipofika mbele yake alisimama, na kundi lote likasimama. Alimwambia ahsante. Kisha akauliza alichotaka kuuliza, hakuna tena mtu wa katikati.

"Thoya, siku uliyouliza habari ya chumba kile. Lau ningekufungulia, ingetengenezeka?"

Thoya alimtazama Kamaludin, akawatazama watu, na pengine alitafuta uongo mzuri wa kumpa. Lakini alikuwa na maumivu, na hakuwa mtu wa maneno.

"Ingetengenezeka, bibi. Boriti moja tu, unaweka nyingine kando yake. Kazi ya nusu siku."

Sheikha alitikisa kichwa kwamba amesikia. Akavuta kikoi mbele ya uso wake, akamfuata shemegi yake garini.